Kiwanda Kikifa, Nani Hurithi Nyumba?

Ukitoka Babati mjini na kushika barabara ya Kondoa, hufiki mbali kabla ya kuingia Bonga. Hiyo ndiyo barabara ambayo Waingereza waliiota kuwa njia ya kutoka Cape Town hadi Cairo, na lami ya kipande cha Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018. Hii ni nchi ya mahindi, mbaazi na mifugo. Mtu haji huku kutafuta mabomba ya moshi. Basi habari za viwanda vilivyogeuzwa nyumba zinawahusu nini watu wa Bonga? Zinawahusu, na nitaeleza.

Huko New York kuna mtaa uitwao SoHo. Majengo yake mengi ni ya karne ya 19, yenye nguzo za chuma, na yalikuwa maghala na karakana za nguo. Madirisha yalikuwa makubwa kwa kuwa jua ndilo lililokuwa taa ya fundi. Sakafu ziliachwa pana, bila kuta, ili mashine na marobota yapate nafasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vilihama na kodi ikashuka. Wachoraji na wachongaji, watu wa mifuko mitupu, wakapanga humo na kulala palepale walipofanyia kazi, kinyume cha sheria. Mwaka 1971 jiji likawahalalisha, na mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuwalinda wapangaji wa majengo ya namna hiyo. Lakini sifa zilikwisha kuenea. Wenye fedha walifika, kodi ikapaa, na wengi wa waliotangulia wakafungasha. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Pale SoHo mvumilivu aliachiwa mbichi.

London nako, kituo cha umeme cha Battersea kilichozimwa mwaka 1983 kilifunguliwa tena mwaka 2022 kikiwa na maduka, ofisi na nyumba za bei kali. Mabomba yake manne yalibomolewa na kujengwa upya kwa sura ileile, ili jiji lisipoteze alama yake.

Sasa turudi nyumbani, tushukie Kawe, Dar es Salaam. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni iliungana na kampuni ya Liebig kuunda Tanganyika Packers. Ng'ombe walionunuliwa minadani huko bara walipelekwa Kawe, wakatoka wakiwa nyama ya kopo iliyouzwa hadi Uingereza. Hapo ndipo mfugaji wa bara anapoingia katika hadithi hii: kiwanda kilisimama pwani, lakini kilikula mifugo ya bara. Kando yake pakakua makazi ya watu waliotegemea king'ora cha zamu. Kufikia miaka ya 1990 kiwanda kilikuwa hoi, na hatimaye king'ora kikanyamaza. Jina lilibaki: hata leo watu hushuka kituo cha Tanganyika Packers, na uwanja wake umebeba mikutano mingi ya injili na ya siasa.

Baadaye Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilianza kujenga maghorofa katika eneo hilo, mradi ulioitwa 711. Ujenzi ukasimama mwaka 2018, kisha ukafufuliwa miaka iliyofuata. Si kwamba chinjio la zamani liligeuzwa vyumba, la hasha! Sisi tulirithi ardhi na jina.

Kampuni hiyohiyo ya Liebig ilikuwa na kiwanda kikubwa zaidi Fray Bentos, nchini Uruguay. Hicho kilifungwa mwaka 1979. Wenzetu wakakihifadhi pamoja na mashine zake, wakakifanya makumbusho, na mwaka 2015 UNESCO ikakitambua kuwa urithi wa dunia. Baba mmoja, watoto wawili, na kila mmoja kazikwa kivyake.

Sisemi kila banda la mabati ligeuzwe makumbusho. Watu wanahitaji pa kulala. Ninalouliza ni hili: jengo linapobadili kazi, nani aliyelitolea jasho anapata hata ufunguo mmoja? Mchinjaji wa Kawe, na mfugaji aliyeswaga ng'ombe hadi mnadani, wanahesabiwa wapi?

Babati imekuwa makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipozaliwa mwaka 2002. Watumishi wanahamia, wafanyabiashara wanafuata, na mji unaisogelea Bonga. Ghala lililohifadhi mahindi au mashine ya kusaga iliyonyamaza, kesho itaonekana kuwa vyumba vya kupangisha. Ni jambo jema, ila lina masharti. Palipowekwa mbolea na dawa za wadudu pasafishwe kabla mtoto hajatambaa sakafuni. Madirisha yatobolewe, vyoo vichimbwe, na uwepo mlango wa pili wa kukimbilia moto ukizuka. Kama ghala lilijengwa kwa nguvu za wanakijiji, mkataba usomwe mbele ya mkutano wao, usisainiwe chemba.

Na jina la zamani liachwe mlangoni. Wajukuu wakiuliza kwa nini nyumba inaitwa Ghalani, awepo mtu wa kuwajibu.