Wanawake wa Montgomery

Katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani, abiria mweusi alilazimika kulipa nauli kwenye mlango wa mbele wa basi, kisha ashuke, azunguke na kupandia mlango wa nyuma. Na mara nyingine dereva aliondoa gari ilhali mwenye kulipa angali chini, nauli yake imekwisha pokewa. Ubaguzi wa mabasini ulikuwa na sheria ya kuulinda na askari wa kuitekeleza.

Ulimwengu wamjua Rosa Parks, mshonaji, ambaye tarehe 1 Desemba, 1955, alikataa kumwachia Mzungu kiti ndani ya basi, akatozwa faini ya dola 10 na gharama za mahakama dola 4. Taadhima apewayo ni stahiki yake. Hata hivyo, naona historia haikuwatendea insafu waliosimama nyuma yake. Usiku ule ule Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikesha pamoja na wanafunzi wake wawili akipiga chapa makumi ya maelfu ya karatasi za kuwasihi watu wasipande mabasi siku ya Jumatatu. Na kazi hiyo ilikwisha kabla Martin Luther King, kasisi wa miaka 26, hajachaguliwa kuwa kiongozi wa mgomo uliofuata. Georgia Gilmore, mpishi, alipofukuzwa kazi baada ya kutoa ushahidi wa kumtetea King mahakamani, aligeuza jiko la nyumbani kwake kuwa hazina ya mgomo: yeye na wenzake walikaanga kuku na kuoka keki, wakauza, na fedha zikanunua petroli ya magari yaliyochukua wagomaji. Wasiopata gari, wengi wao yaya na madobi wa majumba ya Wazungu, walikwenda kwa miguu, alfajiri na magharibi, mpaka zikatimia siku 381.

Wala si kesi ya Rosa Parks iliyovunja sheria ile ya ubaguzi mabasini, bali ya wanawake wanne, Aurelia Browder na wenzake, ambayo hukumu yake Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha Novemba 1956. Sheria za 1964 na 1965, zilizokataza ubaguzi kazini na hadharani na kuilinda kura ya mtu mweusi, zilipita katika njia waliyoifungua wao. Mmoja wa wanne hao, Claudette Colvin, alikuwa amekataa kuondoka kitini miezi tisa kabla ya Parks, akiwa binti wa miaka 15, akatiwa pingu. Na hatia aliyoandikiwa siku zile haikufutwa na mahakama hadi mwaka 2021, alipokuwa bibi wa miaka 82.