Kumwuzia Asiyekuona: Historia ya Tijara ya Nguo Pwani

Katika kitabu cha uongozi wa safari za Bahari ya Hindi, kilichoandikwa kwa Kiyunani na mtu asiyejulikana jina yapata karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, imetajwa bandari ya Rhapta, iliyokuwa mwisho wa masoko ya pwani yetu, na imeelezwa kwamba miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa pande hizo ilikuwamo mikuki iliyofuliwa Muza, katika nchi ya Yemen, makusudi kwa ajili ya biashara hiyo. Mhunzi wa Muza hakumjua mnunuzi wake wala mnunuzi hakumjua mhunzi; walakini chuma kilifuliwa kwa kufuata haja ya mkono ambao fundi hakupata kuusalimu. Jambo hilo, yaani kumwuzia mtu usiyemwona na asiyekuona, ndilo shina la tijara ya pwani tangu kale. Na mwenye duka dogo wa leo, anayekusudia kuitandaza mali yake katika intaneti, huingia katika kazi ambayo waliomtangulia waliifanya kwa jahazi, kwa hundi na kwa barua. Nimeona vema kuieleza historia hiyo kwa njia ya nguo, maadamu hakuna bidhaa iliyopita katika mikono mingi ya pwani na bara kuliko nguo.

Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na katika miaka iliyofuata merikebu za Salem, mji mdogo wa pwani ya Massachusetts, zilizoea kutia nanga Unguja, zikichukua pembe na sandarusi na kuteremsha nguo ya pamba isiyopaushwa, nzito na ya kudumu, ambayo watu waliiita merikani. Nguo hiyo ilishika soko la Unguja na la bara kwa kuwa ilikuwa imara, na kwa kuwa jora moja halikutofautiana na jingine, hata mtu wa mbali aliweza kuipokea kwa itibari ya jina lake. Nguo za kuiga zilipoletwa kutoka Uingereza, wanunuzi walizitambua na hapo mwanzo hawakuzipokea vema. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya mwaka 1861 na 1865, viliiadimisha pamba na kuikata njia ya Salem, ndipo nguo za Uingereza, na baadaye za viwanda vya Bombay, zilipopata nafasi. Lakini jina la merikani halikuondoka sokoni pamoja na Wamarekani, kwa sababu sifa iliyokwisha kujengwa kwa mali njema huishi hata baada ya aliyeijenga kuondoka.

Haikutosha, hata hivyo, kuwa na nguo njema. Ilipasa pia kujua nani ataka nini. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kwamba shanga zilizotumika katika biashara hiyo zilikuwa za aina zipatazo 400, na Henry Stanley, alipokuwa Unguja mwaka 1871 akitayarisha msafara wake, alilazimika kuwauliza wafanyabiashara wa Kiarabu waliozoea njia, akaambiwa kwamba shanga nyeusi zilizokuwa na thamani Ugogo hazikuwa na thamani yoyote kwingineko, na kwamba kila nchi ilikuwa na rangi yake. Mtu aliyefunga mizigo yake Bagamoyo bila ya kuuliza aliweza kufika Ujiji akiwa na frasila nyingi za shanga ambazo hakuna aliyezitaka, na gharama ya wapagazi imekwisha kulipwa. Kwa hiyo habari za matakwa ya watu zilikuwa mali kama mali nyingine: zilitoka bara kwa vinywa vya wasafiri, zikafika Unguja, na kutoka Unguja zikapelekwa kwa barua, pamoja na sampuli, hata Bombay na Salem na hata Venice kulikotengenezwa shanga. Aliye mbali ndiye aliyeamuru, na kiwanda kilitii.

Jambo la pili lilikuwa kipimo. Shuka ilikuwa mikono minne, doti ilikuwa shuka mbili, na pembe na sandarusi zilipimwa kwa frasila ya takriban ratili 35. Na kwa vipimo hivi watu wa lugha mbalimbali waliweza kupatana bila ya kugombana. La tatu lilikuwa amana. Hundi ya mfanyabiashara wa Kihindi wa Unguja ilipokewa Bombay na Kachi, naye mwenye kuipokea hakuwa na dhamana nyingine ila sahihi iliyokuwa juu ya karatasi. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alipata bidhaa za misafara yake kwa mkopo kutoka kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, ilhali mkopeshaji alijua kwamba yamkini miaka ingepita kabla ya kumwona tena mkopaji wake. Si haki kuitaja tijara hiyo bila ya kusema wazi kwamba ilichanganyika na biashara ya watumwa, na kwamba uaminifu baina ya tajiri na tajiri uliandamana na dhuluma kubwa kwa watu ambao hawakuwa na sauti katika mapatano yale. Tukikumbuka hayo ndipo tunapoweza kuchagua lipi la kurithi na lipi la kuliacha.

Baadaye dunia ikafupishwa. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872 meli za moshi za barua zikaanza kufika Unguja kwa ratiba. Na mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hata Unguja. Habari ya bei iliyokuwa ikingoja msimu wa kaskazi sasa ilifika kwa siku moja, na agizo lililochukua mwaka likachukua miezi. Ni katika zama hizo ilipozaliwa kanga.

Mombasa, mwaka 1887, lilianzishwa duka la Kaderdina Hajee Essak, ambaye wateja walimwita Abdulla, na nguo zake zikachapwa maneno yaliyokuwa alama na dhamana yake, Mali ya Abdulla. Yeye ndiye hunasibishwa na desturi ya kuandika methali na misemo juu ya kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Kwa miaka mingi kanga zilichapwa ng'ambo, katika India, Ulaya na Japani, kabla ya viwanda vya nyumbani, kama kile cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968, kushika kazi hiyo. Kwa hiyo mwenye duka wa pwani ilimpasa kuchagua nakshi na maneno, kuyapeleka kwa mchapaji wa nchi ya mbali asiyejua Kiswahili, na kungoja miezi, huku akiomba kwamba wanawake wa mtaani wasiwe wamekwisha kuichoka nakshi hiyo kabla marobota hayajafunguliwa. Herufi moja ikikosewa, mzigo mzima ulitoka na kosa, na kosa hilo halikurekebishika.

Tuitazame kanga yenyewe kwa karibu, kwa maana ndani yake mna mafunzo yote ya kuuza kwa mbali. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyo juu ya pindo la chini. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, navyo hukatwa na kupindwa kabla ya kuvaliwa, kazi ambayo katika Mtaa wa Biashara wa Mombasa hufanywa na mafundi wenye vyerehani hapo hapo jirani na maduka. Mnunuzi aliye dukani huikunjua, huisugua kwa vidole ajue kama ni pamba tupu au imechanganywa, huitazama kwenye mwanga wa mlangoni, na kabla ya yote husoma jina. Aghalabu jina ndilo analolinunua, kwa kuwa kanga hiyo huenda ni hidaya ya mama, au ya mkwe, au ya shoga aliyemkosea. Na kanga ya nakshi ile ile yenye maneno mengine yaweza kugeuza shukrani kuwa matusi mbele ya watu.

Sasa mwuza kanga anayetaka kuuza kwa simu ajiulize: mnunuzi aliye Mwanza, au Maskati, atafanyaje hayo yote bila ya kuigusa nguo? Jawabu ni kwamba muuzaji afanye kwa niaba yake. Apige picha mchana, karibu na dirisha, kwa sababu taa ya usiku huigeuza rangi nyekundu ikaonekana ya machungwa. Picha moja ionyeshe doti nzima iliyokunjuliwa, ya pili ionyeshe pindo na mji kwa karibu, na ya tatu ionyeshe jina, lisomeke herufi kwa herufi. Aandike urefu na upana kama alivyopima mwenyewe, aseme kama imepindwa au bado, aseme pamba ni kiasi gani, na aandike bei pale pale, wala asimlazimishe mtu kuiuliza faraghani. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kizuri kisichoonekana hakijiuzi, na ndiyo sababu picha ya kweli imekuwa sehemu ya mali.

Njia za kufanyia haya zilikuja kwa haraka. Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikaanza Tanzania, hata mtu asiye na akaunti ya benki akaweza kulipa kutoka alipo. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam kupitia chini ya bahari, miaka 130 baada ya ule wa Aden, na intaneti ikaanza kushuka bei. Maduka makubwa ya mtandaoni yakafungua milango: Jumia, iliyoanzia Nigeria mwaka 2012, ilifika pwani yetu, lakini kwa upande wa Tanzania ilifunga shughuli zake Novemba 2019. Wauzaji wadogo wa Kariakoo, wanaotangaza katika WhatsApp na Instagram kwamba mzigo mpya umeingia, jumla na rejareja, mikoani tunatuma, wameendelea kuuza; na yatupasa kufahamu kwa nini. Mteja wao huwajua kwa jina, humwuliza jirani aliyekwisha kununua, na akidanganywa hujua wa kumlaumu.

Hata hivyo kuna fundo moja ambalo teknolojia haijalifungua: muuzaji ataka fedha kwanza, na mnunuzi ataka mali kwanza, na kila mmoja ana haki ya kuogopa ghashi. Walio mahiri hulifungua kwa desturi. Mzigo hufungwa vema, jina na simu ya mpokeaji vikaandikwa kwa kalamu isiyofutika, ukapelekwa kituo cha mabasi, na risiti ya kifurushi pamoja na namba ya basi vikapigwa picha na kutumwa kwa mteja kabla basi halijatoka mjini. Na iwapo mali imefika na kasoro, muuzaji huibadilisha bila ya maneno mengi, maana biashara haigombi. Sheria ya miamala ya kielektroniki iliyotungwa Tanzania mwaka 2015, inayomtaka muuzaji ajieleze yeye na mali yake, imeyatia katika maandishi mambo ambayo tijara ya pwani iliyadai kwa aibu na sifa.

Basi kijana mwenye rafu mbili za kanga asidhani kwamba maandalizi yake huanza na simu nzuri. Yaanze na daftari, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari: ajue ana doti ngapi za kila jina, asije akaahidi alichokwisha kukiuza, kisha kipimo, kisha picha, kisha bei, kisha njia ya kulipwa na njia ya kupeleka, na mwisho ndipo atangaze. Akiziruka hatua hizi, mtandao utapeleka aibu yake mbali kuliko jahazi lolote lilivyopata kufika. Na akizifuata, atakuwa amerithi lililo bora katika kazi ya wazee wake, yaani uaminifu, bila ya kurithi dhuluma iliyoandamana nao.