Faili ni ya Nani? Historia ya Miksa na Pesa Zetu

Ukienda kuona bendi hapa Nairobi, geuka kidogo uangalie nyuma ya umati. Kuna msee amesimama na tableti. Usidhani anachati. Sauti yote unayosikia inapitia mikononi mwake. Wimbo ukiwa mtamu, makofi yanaenda kwa mwimbaji. Spika zikipiga mluzi, watu wote wanageuka kumwangalia yeye.

Leo tuongee historia ya hiyo mashine anayoiendesha, miksa ya dijitali. Ndani ya hiyo historia kuna swali la doo, na linatuhusu sana sisi vijana tunaokula kwa shoo.

Turudi nyuma kwanza. Tarehe 15 Agosti 1965, Beatles walipiga shoo Shea Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Gitaa zilitegemea amplifaya za wati 100. Sauti za kuimba zilipitishwa kwa spika za uwanja, zile za kutangazia mechi ya besiboli! Jukwaani hakukuwa na monita, yaani zile spika za kumrudishia mwanamuziki sauti yake mwenyewe. Mashabiki wakapiga nduru mpaka bendi ikamezwa. Ringo, mpiga dramu, alisimulia baadaye kwamba alikuwa anaangalia vile wenzake wanavyotikisika ndio ajue wimbo umefika wapi. Mwaka wa 1966 wakaacha ziara kabisa. Sababu zilikuwa nyingi, na kutojisikia ilikuwa mojawapo.

Kwa hivyo shida ya kwanza ya bendi ya laivu ni kwamba mwanamuziki asipojisikia, hawezi kucheza poa. Hata awe noma aje.

Mwaka wa 1974, Grateful Dead wa Marekani walijaribu kuimaliza hiyo shida kwa nguvu. Walijenga ukuta wa spika nyuma ya bendi, mamia ya spika, tani nyingi za vyuma na mbao. Kila ala ilikuwa na spika zake, na mwanamuziki alijipangia sauti yake mwenyewe hapo hapo jukwaani. Kile bendi ilisikia ndicho umati ulisikia. Lakini ukiweka spika nyuma ya maiki, maiki inazisikia pia na mluzi unaanza. Suluhisho lao lilikuwa kali: kila mwimbaji alipewa maiki mbili zilizounganishwa kinyume. Sauti ya ukuta iliingia zote mbili ikajifuta, halafu yeye akaimba kwa moja tu. Ilifanya kazi, lakini kubeba huo mzigo mji hadi mji kulikuwa gharama isiyobebeka. Kabla mwaka uishe, ukuta ukaachwa.

Njia iliyoshinda ni ile ya fundi kukaa kati ya umati na miksa kubwa ya analogi. Hizo mashine zilikuwa kama meza ya kulia chakula ya familia nzima. Kila chaneli ilikuwa na safu yake ya vifundo, na ukiwa na chaneli 40 unapiga hesabu mwenyewe. Kando yake kulikuwa na makabati ya kompresa na mashine za mwangwi. Sasa fikiria tamasha la bendi tano. Bendi ya kwanza ikimaliza, vifundo vyote vinapangwa upya. Mafundi walichora nafasi za vifundo kwa karatasi, au wakapiga picha. Kumbukumbu ya shoo ilikaa kwa kichwa cha mtu na kwa karatasi aliyoiandika. Ukitaka sauti ya jana, unamwita yeye.

Huku kwetu mambo yalikuwa tofauti kidogo, kwa sababu bendi nyingi zilikuwa na makao. Les Wanyika, waliojiunda Nairobi mwaka wa 1978, walijulikana kwa kupiga Garden Square. Bendi ikirudi ukumbi ule ule kila wiki, fundi anaujua kama chumba chake cha kulala. Siku hizi bendi inapiga Ijumaa Westlands, Jumamosi harusi Thika, Jumapili brunchi Karen. Vyombo vinapakuliwa na kupakiwa kila siku. Maisha ya aina hiyo ndiyo yalihitaji mashine inayokumbuka.

Mashine hiyo ilikuja polepole. Mwaka wa 1987 Yamaha walitoa DMP7, miksa ndogo ya dijitali yenye vitelezi vinavyojisogeza vyenyewe kwa mota. Mwaka wa 1994 wakatoa ProMix 01, iliyoshusha bei hadi mtu wa kawaida Marekani akaanza kuota. Zile kubwa za jukwaani zilizofuata miaka ya 2000 zilibaki za kampuni zenye misuli. Halafu mwaka wa 2012 ikaja Behringer X32. Kampuni mama ya Behringer ilikuwa imenunua Midas, jina kubwa la Uingereza katika miksa za jukwaani, na wahandisi wa Midas wakahusika kuitengeneza. Maiki 32 zinaingia, kompresa na mwangwi ziko ndani, bei wakati huo takriban dola 3,000. Bado ni pesa nyingi, lakini kanisa linaweza kuchanga.

Na makanisa yalichanga! Uliza mafundi wengi wa rika letu walianzia wapi, watakuambia kanisani. Mimi niliacha kampasi, sina cheti cha sauti wala cha kitu kingine. Mwongozo wa X32 ni bure, na programu ya kuiendesha kwa kompyuta pia ni bure, hata kama miksa yenyewe huna. Nilikaa na laptopu ya kuazima nikazunguka ndani ya hiyo programu mpaka nikajua kila kona. Enzi ya analogi, hiyo meza ungeiona kwa mbali tu, na mwenyewe angekuambia usiguse.

Lakini angalia kilichohama. Kwa miksa ya dijitali, kila kitu unachopanga ni namba. Sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde, na kila kifundo ni namba inayoweza kuhifadhiwa. Shoo nzima inakuwa faili moja ndogo kwa flashi. Kumbukumbu imetoka kwa kichwa cha fundi ikaingia mfukoni mwa yeyote anayeshika flashi.

Mwaka jana, mahali ambapo sitapataja, niliseti bendi ya watu saba. Siku ya kwanza ilikula saa nne. Unaanza kwa kuandika orodha ya nani anaingia chaneli gani. Unachomeka maiki, na zile zinazohitaji umeme wa volti 48 unaziwashia. Halafu geini, chaneli moja moja, mwanamuziki akipiga kwa nguvu atakayotumia usiku, si ile ya kujaribu. Unaacha nafasi juu, kwa sababu dijitali ikijaa haikwaruzi kwa upole kama analogi, inakatika vibaya. Unaondoa ngurumo za chini kwa maiki za kuimba. Kisha kila mtu anapewa monita yake: mpiga besi anataka dramu, mwimbaji anataka kinanda na sauti yake, na hataki kabisa kusikia gitaa. Ruta unaiweka kwa gigahatsi 5, ndio simu za umati zisikunyang'anye tableti katikati ya wimbo. Miksa unaipa UPS yake, kwa sababu stima ikipotea, analogi ingerudi papo hapo, lakini hii lazima ijiwashe upya kama kompyuta.

Wiki ya pili meneja akaniomba nihifadhi kila kitu kwa flashi, "kwa usalama." Wiki ya tatu simu haikupigwa. Walikuwa na faili, na kijana wa kubonyeza kwa nusu ya pesa yangu.

Kijana simlaumu. Na sisemi turudi analogi, maana bila hii mashine mimi nisingeingia mlangoni. Ninachosema ni kwamba meneja alinunua jibu la jana akidhani ni fundi. Faili inajua namba, lakini haijui ukumbi. Ukumbi mtupu saa kumi jioni na ukumbi uliojaa saa nne usiku hazilii sawa, kwa sababu miili ya watu inameza sauti. Mabati hurusha sauti tofauti na hema. Mwimbaji akija na mafua, au maiki ikibadilishwa, geini ya wiki jana inakuwa uongo. Faili ni pa kuanzia tu. Masikio ndiyo yanamaliza kazi, na hayaingii kwa flashi.

Kwa hivyo wasee, tuanze kuongea haya kabla ya shoo. Kuseti bendi mara ya kwanza ni kazi moja na ina bei yake. Kuendesha shoo usiku ni kazi ya pili, nayo ina bei yake. Wakitaka kubaki na faili, hiyo ni ya tatu, waambie bei wakiwa bado wanakuhitaji. Weka nakala yako kila mara. Na wewe uliye kwa bendi, unapogawa pesa kumbuka kwamba Beatles walikuwa na nyimbo, jina na mashabiki 55,000, na bado hawakujisikia. Wewe unajisikia kwa sababu kuna mtu ameshika tableti. Mlipe kama mmoja wenu.