Hisabati ya Entebbe na Somo la Kesho

Mjadala wa mustakabali wa hisabati shuleni siku hizi hutawaliwa na kompyuta, vishikwambi na mitaala mipya. Katika insha hii ninadai kwamba jibu lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko hapa Uganda.

Mwaka 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik angani. Marekani ilishtuka, ikaanza kubadilisha ufundishaji wa sayansi na hisabati. Mabadiliko hayo yalifika kwetu haraka. Mwaka 1962, mwaka uleule tuliopata uhuru, wataalamu kutoka Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Afrika walikutana Entebbe kuandika vitabu vya shule. Fedha zilitoka Marekani, na kamati iliongozwa na W. T. Martin, profesa wa chuo cha MIT. Warsha ziliendelea kwa miaka kadhaa, na kazi yake ikajulikana kama Hisabati ya Entebbe.

Nia yake ilikuwa njema. Mwanafunzi alitakiwa aelewe kwa nini jibu ni sahihi, si kukariri kanuni tu. Ndiyo maana akafundishwa seti, na kuhesabu kwa makundi ya mbili au tano badala ya kumi. Lakini walimu wengi wa msingi walikuwa wamesoma miaka michache, nao wakakabidhiwa mada ambazo hawakuwahi kufundishwa. Asiyeelewa mada huikaririsha. Kwa hiyo somo lililokusudiwa kuondoa ukariri likaleta ukariri mpya. Wazazi nao hawakuweza kuwasaidia watoto nyumbani. Nchini Kenya malalamiko yalifika juu, na mwaka 1981 Rais Daniel arap Moi akaagiza hisabati hiyo mpya iondolewe shuleni.

Wengine husema kosa lilikuwa kuleta mada ngumu. Sikubaliani nao. Seti si ngumu kwa mtoto anayetenganisha maharage na mahindi. Kwa maoni yangu, kilichokosekana ni mwalimu aliyeandaliwa na lugha ya kufundishia.

Suala la lugha lingali hai. Tanzania, baada ya mwaka 1967, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi, na msamiati kama mlinganyo, pembetatu na kipeo ukaingia darasani. Hata hivyo, mwanafunzi anapofika sekondari hukutana na Kiingereza. Kwetu Uganda, mtaala wa mwaka 2007 uliruhusu lugha za nyumbani hadi darasa la tatu. Darasa la nne ni mwaka wa kuhamia Kiingereza. Hivyo mtoto hubadilishiwa lugha wakati uleule hesabu za sehemu zinapoanza kuwa nzito. Akishindwa, tunasema hana kichwa cha hisabati, ilhali huenda hakuelewa swali.

Leo tumo tena katika mabadiliko. Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini mwaka 2020, unaosisitiza stadi na miradi. Kenya, mwaka 2025, ilipendekeza hisabati isiwe lazima kwa wanafunzi wote wa sekondari ya juu. Wananchi wakapinga, na wizara ikarejesha hisabati kwa wote, kwa viwango viwili tofauti. Tofauti na enzi za Entebbe, safari hii umma ulisikika mapema, kabla wanafunzi wenyewe hawajaingia madarasani.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, mada mpya ifundishwe vyuo vya ualimu kabla ya kuchapishwa katika kitabu cha mwanafunzi. Pili, sisi tunaosoma Kiswahili na lugha nyingine za Uganda tukae na walimu wa hisabati tutayarishe istilahi, ili mwalimu wa darasa la nne aweze kueleza sehemu kwa lugha mbili. Kazi hiyo haihitaji kungoja vishikwambi.