Ungo Juu ya Roshani

Mwaka juzi upepo wa Agosti uling'oa moja ya antena zilizofungwa kwenye roshani za jengo letu hapa Berea, mjini Johannesburg, ukaitupa uani. Hakuna aliyeumia. Majirani walioshuka kutazama walikuwa watatu, wote wasemaji wa Kiswahili, nami nikawa wa nne. Kijana wa Tanga aliuliza, "Ungo wa nani huu?" Fundi mmoja wa kutoka Nakuru akajibu kwamba dishi hilo ni la ghorofa ya saba. Mama wa Bukavu, ambaye sote humwita Mama kwa heshima ya umri wake, akataka kujua kama parabole imekufa kabisa au yaweza kutengenezwa. Kitu kimoja kilipewa majina matatu, na kila mmoja alimwelewa mwenziwe pasipo kuuliza.

Berea ni mahali pa kusikia mambo kama hayo. Upande mmoja unauona mnara wa simu wa Hillbrow, uliokamilika mwaka 1971. Upande wa pili lipo jengo la mviringo la Ponte, lenye ghorofa 54, lililomalizika mwaka 1975. Kati ya hivyo viwili, Kiswahili cha Kivu, cha Lubumbashi, cha Dar es Salaam na cha Nairobi hukutana ndani ya lifti, siku ambazo lifti inafanya kazi. Tangu siku ya upepo ule nimekuwa nikijiuliza zama za safari za anga zimeifanya nini lugha hii, na lugha hii imezifanya nini zama hizo. Swali la pili huulizwa mara chache, nalo ndilo lenye majibu ya kustaajabisha zaidi.

Nianze na ungo. Ni chombo cha kupepetea nafaka, kila nyumba ya zamani ilikuwa nacho. Msichana akibaleghe husemwa amevunja ungo. Vilevile ungo ndio usafiri wa wachawi: tangu utotoni tumesimuliwa juu ya watu wanaoruka usiku kwa ungo, watoke Sumbawanga alfajiri haijaingia wawe wamefika pwani na kurudi. Mtanzania wa kwanza aliyeiita antena ya setilaiti "ungo" aliangalia umbo, bila shaka. Lakini sidhani kwamba masikio ya waliompokea yalisikia umbo tu. Kifaa kipana cha duara kinachokaa juu ya paa na kuleta ndani ya nyumba habari za mbali kwa njia isiyoonekana kilikuwa tayari na mahali pake katika lugha. Baadaye, matangazo ya televisheni yalipohamia mfumo wa dijitali, na mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012, kikaongezeka "king'amuzi", kutokana na kung'amua, yaani kutambua lililofichika. Ungo na king'amuzi: mtu asiyejua televisheni angedhani tunazungumzia mganga na vifaa vyake.

Neno "mwanaanga" nalo lina jirani wa ajabu. Limeundwa kwa kufuata mwanamaji na mwanahewa, nalo ni neno zuri, jepesi kutamkwa. Ila Kiswahili kina pia "mwanga", wingi wake "wanga", yaani mchawi atembeaye usiku. Simaanishi kwamba maneno hayo yana asili moja. Nasema tu kwamba mtu anaposikia habari za wanaanga waliozunguka dunia usiku na mchana, mzaha hujitokeza wenyewe, na wazee wa pwani si watu wa kuachia mzaha upite.

Zaidi ya jikoni na uchawi, hata hivyo, ni bahari iliyotupa msamiati wa anga. Tunasema "chombo cha anga", na chombo kwa watu wa mwambao ni jahazi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Rubani, kabla hajaongoza ndege, alikuwa mwongoza meli bandarini, na neno lake lilitufikia kutoka Kiarabu pamoja na pepo za msimu. Kutua ni kushusha: mzigo hutuliwa kutoka kichwani, tanga hutuliwa mlingotini, jua hutua, ndege hutua. Kwa hiyo Apollo 11 ilipofika mwezini Julai 1969, Kiswahili hakikuhitaji kitenzi kipya. Wazungu nao walichota baharini, maana "astronaut" kwa asili yake ya Kigiriki ni baharia wa nyota, lakini wao walilazimika kurudi kwenye lugha ya kale ili kulipata neno. Sisi tulichukua lililokuwa likitumika forodhani asubuhi ile ile.

Tofauti moja ndogo huwa naipenda. Kombora hufyatuliwa, kama mtego. Setilaiti hurushwa, kama ndege aliyeachiwa mkononi. Roketi iko katikati, yaweza kufyatuliwa au kurushwa, na kitenzi anachokichagua msemaji hutuambia anaiogopa au anaistaajabia. Historia yetu ya kwanza na zama hizo ilikuwa hasa ugomvi juu ya jambo hilo.

Mwaka 1960 Uingereza, iliyokuwa ikiilinda Zanzibar, ilikubaliana na Marekani kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury huko Tunguu, kisiwani Unguja. Kilikuwa pete moja katika mnyororo uliozunguka dunia: Canaveral, Bermuda, visiwa vya Canary, Kano, Zanzibar, halafu meli katika Bahari ya Hindi, na kuendelea hadi Australia. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa mojawapo ya vituo alivyozungumza navyo kwa redio. Jina la kisiwa lilitamkwa angani kama jina la stesheni, jinsi utingo anavyotaja vituo vya basi.

Chini, mambo yalikuwa mengine. Wapinzani wa kituo kile, wengi wao katika siasa za mrengo wa kushoto na vyama vya wafanyakazi, walisema ni kambi ya roketi, na kwamba kisiwa kitageuzwa shabaha katika vita visivyo vyake. Hakuna roketi iliyorushwa Tunguu. Palikuwa na antena, mitambo ya redio na watu wa kusikiliza. Kwa maana finyu, basi, wapinzani walikosea. Lakini nadhani walilielewa neno vizuri kuliko wanavyosifiwa. Katika miaka ile roketi iliyombeba Glenn, Atlas, ilikuwa pia ni ile iliyoundwa kubeba bomu la nyuklia, na msikilizaji wa Unguja aliyelikataa neno "utafiti" hakuwa mjinga. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya ilitaka kituo kiondolewe, na Aprili mwaka huo, mwezi ule ule wa Muungano, kikafungwa. Kazi yake ilihamia Madagaska. Sehemu ya kwanza ya zama za anga katika Kiswahili ikaisha kwa kufukuzwa.

Ya pili ilikuja kwa upole. Katika maji ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia chini ya Luigi Broglio walisimamisha majukwaa mawili baharini, San Marco na Santa Rita, karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe huisaidia roketi kupanda. Setilaiti ya kwanza ilirushwa hapo Aprili 1967. Ya mwisho mwaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka San Marco setilaiti ya Marekani iliyokuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Marjorie Townsend, mhandisi aliyeusimamia mradi huo, akaipa jina la kuishukuru nchi mwenyeji: Uhuru.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu neno lenyewe lina safari ndefu. "Huru" ni Kiarabu, nalo pwani yetu lilikuwa kinyume cha mtumwa. Mtu aliachwa huru. Katika miaka ya 1950 neno lile likatoka kwenye mtu mmoja likaingia kwenye taifa zima, likapigiwa makofi viwanjani kutoka Kisumu hadi Lindi. Mwaka 1966 lilikuwa limefika kwenye televisheni ya Marekani, ambako mhusika wa filamu za Star Trek, ofisa wa mawasiliano aliyeigizwa na Nichelle Nichols, aliitwa Uhura. Waliibadili irabu ya mwisho ili ipendeze kwa mwanamke. Mswahili hutabasamu hapo, maana lugha yake haijui kugawa nomino kwa uke na uume, na "uhura" kwetu si kitu. Lakini tabasamu halifuti jambo lenyewe: walipotafuta jina la mwanamke mweusi wa karne zijazo, neno walilolishika lilikuwa letu.

Setilaiti ilifanya kazi hadi mwaka 1973. Iligundua kwamba mbingu imejaa vyanzo vya eksirei, nyota zilizokufa zinazofyonza jirani zao, na Riccardo Giacconi, kiongozi wa wanasayansi wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002 kwa kazi iliyoanzia katika taaluma hiyo. Orodha ya vyanzo ilitolewa mara kadhaa. Ya nne, ya mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339. Kila kimoja kilipewa jina linaloanza na tarakimu ya orodha na herufi moja, kisha mahali pake angani: 4U 1700-37, 4U 1820-30. Wataalamu wa Tokyo na Leiden wanayatumia majina hayo hadi leo. Herufi U ni Uhuru. Mamia ya vitu mbinguni vimebeba neno la Kiswahili, likiwa limenyolewa hadi herufi yake ya kwanza, na wengi wanaoliandika hawajui ni neno.

Sijui kama niite hiyo heshima.

Johannesburg yenyewe ina sehemu yake. Kiasi cha kilomita 50 magharibi ya Berea, katika bonde la Hartebeesthoek, lipo sahani la mita 26 lililojengwa mwaka 1961 ili Marekani iwasiliane na vyombo vilivyokwenda mbali, hata Mirihi. Katika kumbukumbu zao kituo kiliitwa Johannesburg tu, kama kile cha Tunguu kilivyoitwa Zanzibar. Wamarekani waliondoka mwaka 1974, baada ya wabunge weusi wa kwao kuhoji kwa nini fedha za umma zinatumika chini ya sheria za ubaguzi. Sahani lilibaki, na sasa linatumiwa na wanajimu wa hapa kusikiliza nyota. Vituo viwili, kimoja kisiwani na kimoja barani, vyote viliangushwa na siasa za ardhini, anga haikuhusika.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1977, vyombo viwili vya Voyager viliondoka vikiwa na santuri ya dhahabu yenye salamu katika lugha 55. Kizulu kimo, kwa jina la Kinguni. Kisotho kimo. Kinyanja kimo, Kiila cha Zambia kimo, Kiganda kimo. Majirani zangu wengi hapa jengoni wangeweza kusalimiana na viumbe wa nyota nyingine kwa lugha za mama zao. Kiswahili hakimo. Umo wimbo wa unyago wa wasichana wa Kimbuti kutoka msitu wa Ituri, mahali ambapo Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, lakini salamu yetu haimo. Sioni hila hapo. Salamu zilirekodiwa kwa haraka, nyingi katika Chuo Kikuu cha Cornell, kwa kutumia waliokuwepo karibu. Ila ndivyo lugha inavyoachwa nje ya mambo mengi, bila uadui wowote, kwa kuwa siku hiyo msemaji wake hakuwapo chumbani.

Nilimweleza haya Mama wa Bukavu. Akasema, "Bahati yao. Wangeturekodi sisi, salamu peke yake ingejaza santuri nzima."

Nayawaza haya zaidi kwa sababu ya binti wa dada yangu, aliyezaliwa hapa, mwenye miaka kumi. Shuleni husoma kwa Kiingereza na Kizulu. Kiswahili ni cha jioni, nyumbani. Juzi alikuja na kazi ya kuchora sayari, akauliza, "Mjomba, Mercury ni nani kwa Kiswahili?" Alitaka kusema nini. Nikamwambia ni Utaridi, jina tulilolipata kwa Waarabu tangu zama za wana wa falaki. Akafungua simu akanionyesha ukurasa ulioiita Zebaki. Zebaki ni ile madini ya majimaji iliyomo ndani ya kipimajoto. Mtafsiri fulani aliona neno la Kiingereza lenye maana mbili, akachukua ile isiyohusika, na kosa lake sasa linafundishwa. Tulikuwa na majina kabla ya darubini kufika, kisha tukayatafuta upya kwa kupitia dirisha la wengine.

Akaandika Utaridi. Kisha Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Akauliza kama ipo nyota yenye jina la Kiswahili kabisa, lisilo la Kiarabu. Nikamtajia Kilimia, kundi la nyota linalowaambia wakulima wakati wa kulima, akaliandika pembeni. Halafu nikachukua penseli nikaandika chini ya karatasi yake: 4U 1700-37. Akalisoma kwa Kiingereza, tarakimu kwa tarakimu. Nikamwambia hiyo U asiisome kama herufi. Akanitazama kama mtu anayetaniwa, akarudia polepole: nne, uhuru, elfu moja na mia saba.

Dishi la ghorofa ya saba limefungwa tena, kwa waya mnene zaidi, likitazama kaskazini-mashariki.