Picha ya kugeuzwa: sanaa ao uongo?

Kugeuza picha ni kubadili rangi yake, kuondoa ao kuongeza kitu ndani. Kwa mashindano ya vijana ni mchezo mzuri. Hapa Kivu kuna mfano: kuanzia 2010, Richard Mosse wa Ayalandi alipiga picha kwa filimu ya Kodak Aerochrome, iliyosaidia majeshi kutambua adui aliyejificha kwenye majani. Milima ya kijani ikatoka rangi ya roze, na mwaka 2013 kazi hiyo ikaonyeshwa Venice. Mtu akiona roze, anajua rangi imegeuzwa.

Lakini ukibandika wanajeshi kwa picha ya Masisi ao Walikale bila kusema, unaweza kukimbizisha kijiji kizima. Kwenye shindano, onyesha picha zote mbili: ya kwanza na uliyogeuza. Na mbele ya kutumia wengine picha, uliza: imetoka wapi?