Stendi ya Pikipiki

Stendi ya pikipiki ni mguu wa chuma uliofungwa chini ya fremu ili chombo kisimame chenyewe dereva anaposhuka. Pikipiki nyingi za biashara Afrika Mashariki, zikiwemo Boxer na TVS, huja na stendi mbili. Stendi ndogo iko upande wa kushoto na hufanya pikipiki isimame kwa kulala kidogo. Stendi kubwa ina miguu miwili, iko katikati chini ya injini, na huinyanyua pikipiki ikasimama wima. Kituo cha mabasi nacho huitwa stendi, lakini kwenye kijiwe cha bodaboda mtu akisema "piga stendi" anaagiza mguu ushushwe.

Stendi ikiwa nzima, kinachochangia sana kama pikipiki itasimama au itaanguka ni ardhi iliyo chini yake. Jambo hili likipuuzwa, wanaoweza kuumia ni pamoja na watoto wanaocheza karibu au kupanda kwenye siti pikipiki ikiwa imeegeshwa.

Historia

Pikipiki ya mbao ya Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1885, haikuhitaji stendi, kwa kuwa ilikuwa na vigurudumu viwili vidogo vya pembeni vilivyoizuia isiangukie upande. Mwanzoni mwa karne ya 20 pikipiki nyingi za Uingereza na Marekani zilikuwa na stendi ya nyuma, yaani fremu ndogo iliyofungwa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma na kubanwa kwenye madigadi wakati wa safari. Stendi ya katikati na ya pembeni zilishika nafasi yake baadaye.

Stendi ya pembeni ilileta hatari mpya. Dereva akiondoka bila kuikunja, kisha akalala kona ya kushoto, chuma hugota barabarani na kuitupa pikipiki. Ndiyo maana kanuni namba 123 ya usalama wa magari ya Marekani inataka stendi ikigusa ardhi pikipiki ikienda mbele, ijikunje kuelekea nyuma na juu. Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo lake kuhusu stendi za vyombo vya magurudumu mawili mwaka 1993. Pikipiki nyingi za kisasa zina swichi inayozima injini gia ikiingizwa wakati stendi iko chini. Nyingine zina springi inayoirudisha stendi juu mara tu uzito unapoondoka, na hizo huanguka kirahisi, kwa kuwa mtu akiisukuma pikipiki kidogo tu ikasimama wima, mguu unaruka.

Jinsi inavyoizuia pikipiki

Pikipiki iliyo kwenye stendi ndogo inagusa ardhi sehemu tatu: tairi la mbele, tairi la nyuma na mguu wa stendi. Sehemu hizo zinafanya pembetatu. Uzito wote wa chombo ukishuka ndani ya pembetatu hiyo, pikipiki inatulia. Ukitoka nje hata kidogo, inaanguka. Kushoto pembetatu ni pana, kulia haina kitu zaidi ya mstari wa magurudumu. Kwa hiyo pikipiki inayolala nyuzi 10 hadi 15 kushoto iko salama, lakini iliyosimama karibu wima, ingawa machoni inapendeza, inaweza kuangushwa kulia na begi la mpita njia.

Mguu ukizama, hesabu hubadilika haraka. Chukua stendi iliyokanyaga sentimita 30 kutoka kwenye mstari wa magurudumu. Ikididimia sentimita 3 tu kwenye udongo, pikipiki huongeza mlalo wa karibu nyuzi 6. Ikiwa na tangi lililojaa na magunia mawili ya mkaa kwenye keria, hizo nyuzi 6 zinaweza kutosha kuitoa kwenye pembetatu.

Usukani nao una kazi. Ukizungushwa kushoto mpaka mwisho, pikipiki huegemea stendi vizuri zaidi, na ndipo watengenezaji wengi walipoweka kufuli. Ukizungushwa kulia, pikipiki hujiinua na kukaribia kuangukia upande usio na mguu.

Ardhi na mahali pa kuegesha

Lami. Lami inaonekana ngumu, lakini jua la saa saba mchana huilainisha. Kwenye ukingo wa barabara ambako bodaboda husimama kila siku utaona vishimo vidogo vilivyopangana, vingine vina kina cha kidole gumba. Kila kimoja kimechimbwa na ncha ya stendi. Pikipiki iliyoachwa hapo wima saa nne asubuhi huweza kukutwa chini saa nane, bila mtu kuigusa.

Mchanga na matope. Pwani mchanga ndio tatizo. Bara, udongo wa masika. Dawa ni moja: kuongeza upana wa mguu ili uzito usambae. Madereva huweka kipande cha ubao, kigae, jiwe bapa au kopo lililopondwa. Mafundi wa kuchomelea huiongezea stendi kibati cha chuma, chenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, kwenye ncha yake. Ni kazi ya dakika chache, na kwa anayeshinda kwenye vumbi na tope hakuna matengenezo yenye faida kubwa kuliko hayo. Kibati kikizidi ukubwa, hata hivyo, kitakwaruza chini kwenye kona.

Mteremko. Pikipiki huegeshwa ikitazama juu, gia namba moja ikiwa imeingia, ili mnyororo na injini vizuie gurudumu la nyuma. Ikitazama chini na ikiwa nyutro, huteleza mbele, stendi hujikunja nyuma, na pikipiki hulala. Hali hiyo huzipata stendi zote mbili, maana zote hukunjika pikipiki inapokwenda mbele.

Mgongo wa barabara. Barabara hujengwa na mwinuko katikati ili maji yatiririke pembeni. Tanzania, Kenya na Uganda, ambako vyombo hupita kushoto, ukingo wa dereva huinamia kushoto, na pikipiki iliyoegeshwa hapo hulala zaidi upande wa stendi. Rwanda, Burundi na Kongo ni kinyume: ukingo huinamia kulia, pikipiki husimama wima mno, na hatari yake ni kuangukia kulia. Dereva anayevuka mpaka wa Rusumo kutoka Ngara huikuta tofauti hii siku ya kwanza tu akiegesha kando ya barabara.

Upepo. Pikipiki iliyofunikwa turubai hushika upepo kama tanga. Ni afadhali upepo uje kutoka kulia, uisukumie kwenye stendi.

Vigae na sakafu ya terazo. Huteleza, hasa vikiwa na maji au oili. Stendi kubwa hufaa zaidi.

Mizigo

Mizigo nayo huangusha pikipiki. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Pikipiki ikibeba madumu manne, mawili kila upande, kisha dereva akashusha ya kulia yote kwanza, kilo 40 zinabaki zikining'inia kushoto na stendi ndogo inabeba mzigo ambao haikutengenezwa kuubeba. Madumu hushushwa kwa zamu, moja kulia, moja kushoto, pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa.

Stendi kubwa nayo ina udhaifu wake. Mzigo mzito ukikaa nyuma kabisa ya keria, mbele huwa nyepesi, gurudumu la mbele huinuka na usukani huzunguka ovyo. Wabeba ndizi wa baiskeli, hasa Kagera na Burundi, hutumia gongo lenye panda kuegemeza chombo kilichosheheni, na baadhi ya wenye pikipiki wamelichukua.

Abiria hapaswi kupanda pikipiki ikiwa kwenye stendi ndogo. Uzito wake hupinda kishikizo kilichochomelewa kwenye fremu, na kikishapinda pikipiki italala zaidi siku zote.

Kuipandisha kwenye stendi kubwa

Dereva husimama upande wa kushoto, mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye keria. Hukanyaga kipande cha kushushia stendi mpaka miguu yote miwili iguse chini kwa pamoja, kisha huweka uzito wa mwili mzima kwenye mguu wake wa kulia huku akiivuta pikipiki juu na nyuma. Nguvu hutoka mguuni. Anayevuta kwa mikono huumia mgongo.

Matengenezo

Bolti ya stendi ikilegea, stendi hupanuka na pikipiki hulala kupita kiasi. Springi iliyochoka huiacha stendi ikining'inia njiani. Dereva aliyefunga shokapu ndefu au tairi nene ili abebe mizigo anapaswa kujua kwamba stendi yake sasa ni fupi; ifanyiwe kipimo kipya na fundi.

Ikishaanguka

Kwanza zima injini na funga koki ya mafuta, kwa sababu petroli humwagika kutoka kwenye kabureta na eksozi ni ya moto. Ikiwa imeangukia kulia, shusha stendi ndogo na ingiza gia kabla ya kuinua, isije ikapitiliza upande wa pili. Iinue kwa miguu, mgongo ukiwa umeegemea siti. Usiiwashe harufu ya petroli ikiwa bado kali.

Teknolojia mpya

Skuta ya Piaggio MP3 ya mwaka 2006, yenye magurudumu mawili mbele, hufunga mlalo wake na kusimama bila stendi. Januari 2017 Honda ilionyesha Las Vegas pikipiki inayojisawazisha yenyewe. Pikipiki za bodaboda zinaendelea kuuzwa na stendi mbili zilezile za chuma.